Kusoma Atomu kwa Hatua: Protoni, Nyutroni, Elektroni na Isotopu

Atomu ni kipande kidogo kabisa cha elementi ambacho bado ni elementi hiyo. Waya wa shaba ukikatwa, ukakatwa tena na tena bila kikomo, mwisho hufikiwa chembe moja ambayo bado ni shaba. Chembe hiyo nayo ikivunjwa, shaba inakwisha. Vinavyobaki ni vipande vinavyopatikana katika elementi zote bila tofauti: protoni, nyutroni na elektroni. Protoni iliyomo katika dhahabu ni sawasawa na protoni iliyomo katika maji ya kisima. Dhahabu inatofautiana na oksijeni kwa idadi ya vipande hivyo tu.

Kwa hiyo anayeanza kujifunza atomu anajifunza kuhesabu, na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa. Wanafunzi wengi hukwama kwa sababu huipa namba moja kazi ya nyingine. Idadi ya protoni inasema atomu ni ya elementi gani. Idadi ya nyutroni inachangia uzito wa atomu na kuamua kama kiini chake kitatulia au kitavunjika. Idadi ya elektroni, hasa zile za nje, inaamua atomu itaungana vipi na nyingine. Anayeshika mgawanyo huo wa kazi amepita sehemu ngumu zaidi.

Mfano mkuu wa mwongozo huu ni potasiamu, ambayo alama yake ni K. Imo katika ndizi, katika majivu ya kuni, katika mbolea ya NPK na katika miamba ya volkano. Elementi hii moja inaonyesha karibu kila jambo ambalo msomaji anahitaji kulijua, na ndiyo iliyotumika kupima umri wa fuvu maarufu la Olduvai.

Vipande vitatu na mahali vilipo

- Protoni: chaji +1, tungamo kama kizio 1 cha atomu, imo ndani ya kiini.
- Nyutroni: haina chaji, tungamo kama kizio 1, ikiizidi protoni kwa kiasi kidogo sana, imo ndani ya kiini.
- Elektroni: chaji −1, tungamo yake ni kama 1/1836 ya protoni, iko nje ya kiini.

Kwa kilogramu, protoni moja ni 1.673 × 10⁻²⁷. Namba hiyo haifai kwa kazi za kila siku, ndiyo maana wanasayansi hutumia kizio cha atomu, ambacho ni moja ya kumi na mbili ya tungamo ya atomu ya kaboni-12.

Vipande hivi havikugunduliwa pamoja. J. J. Thomson aliitambua elektroni mwaka 1897 huko Cambridge. Kiini kilijulikana mwaka 1911, baada ya Hans Geiger na Ernest Marsden, waliofanya kazi chini ya Ernest Rutherford huko Manchester, kurusha chembe za alfa kwenye bamba jembamba sana la dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, lakini chache zilirudi nyuma. Rutherford akaelewa kwamba karibu tungamo yote ya atomu, pamoja na chaji chanya yote, imebanwa katika nukta moja ya katikati. Hata hivyo hesabu haikukamilika: kiini cha heli kina chaji ya 2, lakini tungamo yake ni 4. Ziada hiyo ilisubiri hadi mwaka 1932, James Chadwick alipoigundua nyutroni.

Udogo wa kiini unastahili kufikiriwa kwa utulivu. Kama kiini cha atomu ya dhahabu kingekuwa punje ya choroko katikati ya uwanja wa mpira, elektroni za nje kabisa zingekuwa karibu na magoli. Eneo lote la kati halina protoni wala nyutroni hata moja.

Kwa nini nyutroni zinahitajika? Protoni zote zina chaji chanya, na chaji za aina moja husukumana. Zikirundikana peke yake zingetawanyika mara moja. Ndani ya kiini kuna nguvu nyingine, kali mno lakini ya masafa mafupi sana, inayovuta protoni na nyutroni pamoja. Nyutroni huongeza mvuto huo bila kuongeza msukumano. Katika atomu nyepesi, nyutroni chache hutosha: kalisi-40 ina protoni 20 na nyutroni 20. Katika atomu nzito msukumano ni mkubwa, kwa hiyo nyutroni huzidi: risasi-208 ina protoni 82 na nyutroni 126.

Hatua za kuhesabu vipande vya atomu yoyote

Kinachohitajika ni jedwali la elementi na jina kamili la isotopu, yaani jina lenye namba nyuma yake, kwa mfano potasiamu-39.

1. Tafuta namba ya atomiki kwenye jedwali. Hiyo ndiyo idadi ya protoni. Kwa potasiamu ni 19. Ikipungua ikawa 18, atomu si potasiamu tena, ni arigoni. Ikiongezeka ikawa 20, ni kalisi.
2. Angalia namba ya tungamo. Huandikwa baada ya jina, au juu kushoto mwa alama: ³⁹K. Hii ni jumla ya protoni na nyutroni.
3. Toa ya kwanza katika ya pili: 39 − 19 = 20. Hizo ni nyutroni.
4. Angalia chaji, inayoandikwa juu kulia. Kama haipo, elektroni ni sawa na protoni: 19. Kama ni chanya, elektroni zimepungua; kama ni hasi, zimeongezeka. Kwa hiyo K⁺ ina elektroni 18.
5. Hakiki mara mbili. Protoni ukijumlisha nyutroni zitoe namba ya tungamo. Protoni ukitoa elektroni zitoe chaji.

Elektroni hukaa katika mizingo kuanzia karibu na kiini kwenda nje. Za potasiamu hupangwa hivi: 2, 8, 8, 1. Ile moja ya mwisho hushikwa kwa ulegevu na hutoka kwa urahisi. Ndiyo sababu potasiamu safi hulipuka ikigusa maji na katika maabara huhifadhiwa ndani ya mafuta, ilhali potasiamu ya kwenye ndizi au mbolea haina hatari hiyo: kila atomu imekwisha kuiachia elektroni yake na kuwa K⁺.

Neno moja kuhusu michoro ya vitabuni. Duara zenye nukta zinazozunguka kiini husaidia kuhesabu, na kwa kazi hiyo zinafaa. Zisichukuliwe kuwa picha halisi. Elektroni haina njia maalumu kama ya sayari. Kinachojulikana ni maeneo ambamo uwezekano wa kuikuta ni mkubwa au mdogo.

Makosa yanayorudiwa sana

*Kutumia elektroni kutambua elementi.* Ioni, yaani atomu yenye chaji, ya kloridi (Cl⁻) ina elektroni 18. Atomu ya arigoni ina elektroni 18. Ioni ya potasiamu (K⁺) ina elektroni 18. Hizo ni elementi tatu tofauti, kwa sababu protoni zake ni 17, 18 na 19. Swali "hii ni elementi gani?" hujibiwa kwa protoni peke yake.

*Kuongeza elektroni kwa chaji chanya.* Alama ya + humfanya mwanafunzi aongeze. Elektroni ni hasi, kwa hiyo atomu huwa chanya pale inapopoteza elektroni.

*Kuchukua namba yenye desimali kwenye jedwali na kutoa protoni.* Klorini imeandikiwa 35.45. Anayetoa 17 hupata nyutroni 18.45, na hakuna atomu yenye vipande vya nyutroni. Namba hiyo ni wastani wa atomu nyingi, na kuielewa kunahitaji isotopu.

Isotopu

Isotopu ni atomu za elementi moja zenye idadi tofauti ya nyutroni. Jina hilo lilianza kutumiwa na Frederick Soddy mwaka 1913. Potasiamu ya asili ina tatu:

- Potasiamu-39: protoni 19, nyutroni 20. Ni kama asilimia 93.3 ya potasiamu yote.
- Potasiamu-41: protoni 19, nyutroni 22. Ni kama asilimia 6.7.
- Potasiamu-40: protoni 19, nyutroni 21. Ni kama asilimia 0.012 tu, na kiini chake hakijatulia.

Kwa kuwa protoni na elektroni ni zilezile, isotopu hizi hufanya kemia ileile. Mgomba haubagui: unafyonza zote tatu. Hata mkemia hawezi kuzitenganisha kwa kuyeyusha, kuchuja au kuchanganya na asidi kama anavyotenganisha chumvi na mchanga. Kwa kawaida hutenganishwa kwa kutumia tofauti ndogo ya tungamo, na kazi hiyo ni ya gharama kubwa. Urani inaonyesha hilo vizuri kuliko elementi nyingine yoyote. Ya asili ni urani-238 kwa asilimia 99.3 hivi, na urani-235, ile inayoweza kuendeleza mgawanyiko wa mfululizo katika vinu vya kawaida, ni asilimia 0.7 tu. Madini ya Shinkolobwe, Katanga, yalikuwa tajiri kupindukia na yalitoa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Hata hivyo ilibidi Marekani ijenge mitambo mikubwa huko Oak Ridge, Tennessee, ili kuichomoa ile isotopu moja.

Si kila elementi ina isotopu nyingi za kudumu. Sodiamu ya asili yote ni sodiamu-23, na dhahabu yote ni dhahabu-197.

Hatua za kupata wastani wa tungamo ya atomu

Namba ya desimali kwenye jedwali hupatikana hivi, mfano ukiwa klorini:

1. Andika kila isotopu na asilimia yake: klorini-35 ni 75.8, klorini-37 ni 24.2.
2. Zidisha kila namba ya tungamo kwa asilimia yake: 35 × 75.8 = 2653; 37 × 24.2 = 895.4.
3. Jumlisha: 3548.4.
4. Gawanya kwa 100: 35.48.

Jedwali linasema 35.45. Tofauti inatokana na kwamba namba ya tungamo ni hesabu ya vipande, wakati tungamo halisi ya atomu ya klorini-35 ni pungufu kidogo ya 35. Kwa mtihani wa sekondari, namba za tungamo zinatosha. Kosa la kuepuka ni kujumlisha 35 na 37 na kugawanya kwa 2: hiyo ingekuwa sahihi tu kama isotopu zote mbili zingekuwa nusu kwa nusu.

Msomaji anayetazama jedwali kwa makini ataona jambo la ajabu. Arigoni, namba 18, ina wastani wa 39.95. Potasiamu, namba 19, ina 39.10. Iliyotangulia ni nzito kuliko inayofuata. Jedwali halijakosewa, kwa sababu linapangwa kwa protoni. Henry Moseley alithibitisha mwaka 1913, kwa kupima mionzi ya eksirei ya elementi mbalimbali, kwamba namba ya atomiki ndiyo yenye kutawala mpangilio. Lakini kwa nini arigoni ni nzito hivyo? Jibu limo katika ile asilimia 0.012 ya potasiamu.

Kiini kisichotulia

Potasiamu-40 huvunjika kwa njia kuu mbili. Katika matukio kama tisa kati ya kumi, nyutroni moja hugeuka protoni na kiini hutoa elektroni: protoni zinakuwa 20, nyutroni 20, na atomu sasa ni kalisi-40. Katika tukio kama moja kati ya kumi, kiini hunasa elektroni moja ya atomu hiyohiyo na protoni moja hugeuka nyutroni: protoni zinakuwa 18, nyutroni 22, na atomu sasa ni arigoni-40. Namba ya tungamo haikubadilika katika njia zote mbili, lakini elementi ilibadilika.

Kidogo kidogo, kwa mabilioni ya miaka, miamba ya dunia imetoa arigoni-40 kwa njia hiyo, nayo imejilimbikiza angani. Leo arigoni ni karibu asilimia 0.93 ya hewa kavu, na zaidi ya asilimia 99 ya arigoni hiyo ni arigoni-40. Kwa hiyo hewa inayovutwa kila siku imebeba gesi iliyozaliwa na potasiamu, na ndiyo inayoinua wastani wa arigoni kwenye jedwali. Mwandishi wa kitabu chochote cha kemia angefaa kuliweka hili katika ukurasa wa kwanza wa sura ya isotopu.

Hatua za kutumia nusumaisha

Nusumaisha ni muda ambao nusu ya atomu zisizotulia huwa zimevunjika. Hakuna anayeweza kusema atomu fulani itavunjika lini. Kinachotabirika ni kundi. Joto la kawaida, kusaga au kuchanganya na kemikali hakubadilishi mwendo huo kwa kiasi cha maana.

Chukua iodini-131, inayotumika hospitalini kutibu tezi la shingo. Nusumaisha yake ni siku 8. Je, baada ya siku 32 imebaki kiasi gani?

1. Gawanya muda uliopita kwa nusumaisha: 32 ÷ 8 = 4.
2. Punguza kwa nusu mara hizo: 1/2, 1/4, 1/8, 1/16.
3. Jibu: imebaki 1/16 ya iodini-131, yaani asilimia 6.25.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba baada ya nusumaisha mbili yote imekwisha. Nusu ya pili hukatwa kutoka kwenye kilichobaki, kwa hiyo baada ya mbili bado kuna robo.

Saa ya Olduvai

Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la zamadamu katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Umri wake haukuweza kupimwa kwa kaboni-14, ambayo nusumaisha yake ni miaka 5,730. Kufikia miaka 50,000 hivi, kiasi kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Potasiamu-40 ina nusumaisha ya miaka bilioni 1.25, na bonde hilo lina tabaka za majivu ya volkano zenye madini ya potasiamu.

Hoja yenyewe ni rahisi kuifuata. Mwamba ukiwa umeyeyuka, arigoni hutoroka kwa sababu ni gesi na haiungani na kitu. Mwamba ukiganda, arigoni mpya hunaswa ndani ya fuwele. Saa inaanzia sifuri. Kazi ya maabara huenda hivi:

1. Kuchagua fuwele zenye potasiamu zisizochakaa kwa maji au hali ya hewa.
2. Kupima potasiamu iliyomo.
3. Kuyeyusha fuwele katika ombwe na kukusanya arigoni.
4. Kupima arigoni-40 kwa spektromita ya tungamo.
5. Kuondoa arigoni iliyotoka hewani. Hapa arigoni-36 ndiyo shahidi: katika hewa, kwa kila atomu moja ya arigoni-36 kuna karibu 300 za arigoni-40. Ikionekana arigoni-36, inajulikana ni kiasi gani cha kutoa.
6. Kukokotoa muda kwa nusumaisha.

Mwaka 1961, Louis Leakey pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza umri wa miaka milioni 1.75 hivi, mkubwa kuliko wengi walivyotarajia. Ugumu wa kipimo hicho unaonekana kwa hesabu: katika muda huo ni kama atomu moja tu ya potasiamu-40 kati ya elfu moja iliyovunjika, na kati ya hizo chache, moja tu katika kumi ilitoa arigoni.

Kuchagua saa sahihi ndiyo nusu ya kazi. Kaboni-14 hupima vitu vilivyokuwa hai, kama mkaa wa jikoni katika magofu ya pwani. Potasiamu hupima miamba ya volkano. Anayeleta bakuli la udongo lenye miaka mia sita apimiwe kwa potasiamu ameleta saa isiyo na mkono wa dakika.

Zoezi fupi

- Na⁺ ya sodiamu-23: protoni 11, nyutroni 12, elektroni 10.
- Atomu ya urani-235: protoni 92, nyutroni 143, elektroni 92.
- Shaba yenye asilimia 69.2 ya shaba-63 na 30.8 ya shaba-65: wastani ni 63.6.

Asiyepata jibu la kwanza arudi kwenye hatua ya 4 ya kuhesabu vipande. Asiyepata la tatu aangalie kama amegawanya kwa 100.

TAHADHARI: vyuma chakavu na vyanzo vya mionzi

Neno isotopu peke yake halimaanishi hatari. Kaboni-12, sodiamu-23 na potasiamu-39 hazitoi mionzi kamwe, na potasiamu-40 iliyo katika kila mwili wa binadamu ni kidogo na ya kawaida. Hatari ya kweli iko katika vyanzo vilivyokusanywa kwa ajili ya hospitali na viwanda, kama kobalti-60 na sesi-137. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, waokota vyuma waliichukua mashine ya tiba iliyotelekezwa. Unga wa sesi-137 uliokuwa ndani ulipitishwa mkono kwa mkono kwa sababu ulikuwa unang'aa. Watu wanne walikufa na mamia walichafuliwa. Nusumaisha ya sesi-137 ni kama miaka 30, kwa hiyo kusubiri wiki au miezi hakupunguzi hatari.

Anayekuta kifaa chenye alama ya mapanga matatu yaliyozunguka nukta, mara nyingi kwenye rangi ya njano:

- asikiguse, asikifungue, asikikate kwa moto;
- aondoke na kuwazuia wengine, hasa watoto, wasisogee;
- atoe taarifa polisi au kwa mamlaka ya mionzi ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki;
- kama alikwisha kukigusa, anawe kwa sabuni na maji, avue nguo alizovaa na kuzifunga kwenye mfuko, kisha aende hospitali na kueleza wazi alichokigusa.

Wenye magenge ya kununua vyuma chakavu wabandike picha ya alama hiyo kwenye mizani yao, na wawaelekeze vijana wanaowaletea mzigo kwamba chuma chenye alama hiyo hakinunuliwi wala hakipimwi.